Jina la Mtu Lililogeuka Kuwa Neno

Neno la Kiingereza "boycott" huonekana mara kwa mara katika magazeti, nalo kwa Kiswahili hufasiriwa kuwa ni kususia. Ni wachache wajuao kwamba asili yake ni jina la mtu.

Kapteni Charles Boycott alikuwa msimamizi wa mashamba ya Lord Erne katika wilaya ya Mayo, nchini Ayalandi. Mavuno ya mwaka 1879 yalikuwa mabaya, na mwaka uliofuata wakulima waliokodi ardhi waliomba wapunguziwe kodi. Walipunguziwa kidogo kuliko walivyoomba. Na wasipolipa, Boycott akataka wafukuzwe mashambani.

Mwezi wa Septemba 1880 Bw. Charles Stewart Parnell, kiongozi wa Chama cha Ardhi, aliwahutubia watu mjini Ennis. Alisema kwamba mtu achukuaye shamba la mwenzake aliyefukuzwa asiuawe, bali atengwe njiani, dukani na hata kanisani, kama mkoma wa zamani. Watu wa Mayo wakamtendea Boycott vivyo hivyo. Vibarua wakaacha kazi, mhunzi na dobi wakakataa kumhudumia, wenye maduka wakakataa kumwuzia. Viazi vikabaki ardhini. Mwezi wa Novemba watu 50 waliletwa kutoka Ulster kuja kuvuna, wakilindwa na askari wapatao 1,000. Mavuno yenyewe yalikuwa na thamani ya pauni 500 hivi. Gharama ya ulinzi hukadiriwa kuwa pauni 10,000! Kabla ya mwaka kwisha Boycott alikwisha ihama Ayalandi, na magazeti ya London yalikwisha anza kulitumia jina lake kama neno.

Hapo mwanzo, basi, maana yake ilikuwa kumtenga mtu. Kususia bidhaa kulifuata baadaye, kama ilivyotokea Buganda mwaka 1959, watu walipoyasusia maduka ya wasio Waafrika. Tena kususia huku si kususa kwa mtoto aliyenuna: yeye akikataa chakula hujitia njaa mwenyewe, bali hapa njaa humpata mwingine.

Waingereza wana usemi wa zamani zaidi, wa kumpeleka mtu Coventry, mji ulioko kwao Uingereza. Asemwaye hivyo hakusafiri popote, ila wenzake wameacha kusema naye. Huyo hukaa kimya, lakini dukani huuziwa mkate wake. Boycott hakuuziwa.