Jua Gharama Yako Kabla ya Kutaja Bei: Mwongozo kwa Wajasiriamali wa Ufipa

Mwongozo huu ni wa anayesaga unga, anayekamua alizeti, anayeshona nguo, anayeuza mahindi au migebuka, awe Sumbawanga mjini, Laela, Matai au Namanyere. Unahusu kujiamini pale mteja anapouliza, "Shilingi ngapi?" Wengi hudhani ujasiri huo ni kipaji cha wenye maneno mengi. Sivyo. Anayeyumba mara nyingi ni yule asiyejua bidhaa yake imemgharimu kiasi gani, kwa hiyo akiambiwa "punguza" hana pa kusimamia.

Anza na daftari. Tuseme, kwa mfano wa hesabu tu, mama amenunua kilo 100 za ulezi kwa shilingi 150,000. Kusaga 10,000, mifuko na lebo 15,000, bajaji 5,000. Wengi huishia hapo. Lakini ameosha, ameanika, amepepeta na kufunga kwa siku mbili. Ujira wa siku mbili, kwa 10,000 kila siku, ni 20,000, nao uandikwe. Jumla ni 200,000. Baada ya kuondoa mawe na pumba amebaki na kilo 95 za unga, hivyo kila kilo imemgharimu takriban 2,105. Akiuza kwa 2,000 kwa sababu jirani anauza hivyo, anapata 190,000: amejikata nusu ya ujira wake mwenyewe, ingawa mkononi anaona pesa inaingia. Huu ndio umaskini unaowachosha wachapakazi wetu, nao hauonekani mpaka uandikwe.

Mababu wa Ufipa waliyeyusha chuma katika malungu, matanuru marefu ya udongo, kisha wakakirudia katika tanuru dogo kabla ya kukifikisha kwa mhunzi. Jembe lililotoka hapo lilibeba mkaa, mawe ya chuma na jasho la watu wengi. Unga wako nao umebeba jasho lako, lihesabu.

Ukishajua gharama, taja bei mara moja kisha nyamaza. Usianze kuomba radhi kwa kusema "lakini tutaelewana." Mteja akisema, "Mama, nipunguzie," jibu kwa upole: "Bei ni 2,500 kwa mfuko wa kilo. Ukichukua mifuko kumi, nakufanyia 2,400 kila mmoja." Punguzo lipatikane kwa kununua zaidi au kulipa taslimu, si kwa kuonewa huruma.

Kwa wauza mahindi, thamani hupotea zaidi kwenye kipimo kuliko kwenye bei. Mnunuzi huja na gunia lililoshonewa kilemba, mkulima akajaza lumbesa, yaani kupita ujazo wa gunia, akiogopa kwamba akikataa lori litahamia kwa mwenzake. Lumbesa imekatazwa kisheria, na Wakala wa Vipimo ndio wenye jukumu la kuisimamia. Uzeni kwa kilo, kwenye mizani iliyohakikiwa na yenye stika hai. Mkulima mmoja akidai mizani huonekana mkorofi. Kijiji kizima kikikubaliana kabla ya msimu, mnunuzi atapima. Jambo hili halitaki mtu mmoja shujaa, linataka kikao.

Kujithamini kunahitajika pia ofisini. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mwanakikundi anayeomba mkopo huo akiulizwa anafanya kazi gani, hujibu, "Najishughulisha tu," au "biashara ndogondogo." Majibu hayo yanaficha kazi kubwa. Sema: "Nasaga na kufungasha unga wa ulezi. Kwa mwezi nauza kilo hizi, faida yangu ni hii, nahitaji mashine ya kufunga mifuko." Fungua daftari, mwonyeshe afisa. Nenda pia SIDO mkoani kwa ushauri wa ufungashaji na hatua za kupata alama ya ubora ya TBS, kwani duka la Mbeya au Dar es Salaam litauliza alama hiyo kabla ya kuonja unga wako.

Mteja akiondoka kwa sababu ya bei, andika: alitaka nini, alitoa bei gani. Kila mwisho wa mwezi pitia. Kama wengi wametoa bei iliyo juu ya gharama yako, una nafasi ya kusogea. Kama iko chini, tafuta soko jingine au punguza gharama ya usafiri na mifuko. Ujira wako usiuguse.