Jarida letu la muziki limetoka na giza

SWALI: Mhariri, sisi wanafunzi wa chuo tumechapisha toleo la kwanza la jarida la muziki. Picha zimetoka na giza na wasomaji wanasema kurasa zimejaa mno. Mwalimu anataka tathmini. Tuanzie wapi?

JIBU: Anzeni na picha. Skrini hujenga rangi kwa mwanga. Mtambo wa uchapaji hutumia wino, na karatasi isiyong'aa huunyonya. Picha ya jukwaani, ambayo tayari ina giza, huzidi kuzama. Iangazeni kabla, iwe na nukta 300 kwa inchi katika ukubwa itakaochapwa, kisha mdai nakala ya majaribio. Hiyo msikubali kunyimwa.

Kurasa kujaa ni suala la uhariri zaidi kuliko usanifu. Jarida la kubanwa pini katikati huongezeka kwa kurasa nne nne, basi makala ikizidi wengi hupunguza ukubwa wa herufi. Kateni maneno! Kwa mfano, mwimbaji wa taarabu Siti binti Saad, aliyekwenda kurekodi Bombay mwaka 1928, anastahili kurasa mbili zenye nafasi. Ratiba ya matamasha, robo ukurasa.

Katika tathmini, elezeni kila uamuzi, sababu yake, na wasomaji walisema nini.