Ijumaa ya kuonja mvinyo

*Duka la mtaani kwetu huonjesha mvinyo kila Ijumaa, hasa wa wazalishaji wadogo wa Dodoma. Naonja, natikisa kichwa, kisha nanunua chupa yenye lebo nzuri. Nikifika nyumbani naikuta kali. Nitaujuaje mvinyo mzuri? – M., Dar es Salaam*

Ndugu M., ulimi wako hauna kasoro. Kinachokuponza huenda ni joto. Mvinyo mwekundu hupendeza kwenye nyuzi 16 hadi 18. Chumba cha Dar hufika 30, na hapo kileo hupanda puani na kufunika ladha ya tunda. Itie chupa kwenye friji nusu saa kabla ya kumimina, na usiiache ishinde kwenye buti la gari.

Dukani, anza na mvinyo mkavu, malizia na mtamu. Ukigeuza, mkavu utakukera bure. Nusa kwanza. Harufu ya siki au ya boksi lililolowa ni dalili ya ubovu, wala usione haya kusema. Kisha onja, uteme: ile ndoo ya kutemea haikuwekwa pale kwa urembo, hasa kama umekuja na gari.

Muulize muuzaji zabibu ni za mavuno yapi. Dodoma huvuna mara mbili kwa mwaka, na mzalishaji mdogo hana akiba kubwa ya kuchanganya ili chupa zote zifanane. Ukiupenda wa Makutupora, zabibu nyekundu ya huko, andika jina la mzalishaji na mwaka palepale. Mimi huandika nyuma ya risiti.

Chupa mbovu irudishe mapema, ikiwa bado imejaa. Ukibanwa kifua au kuwashwa baada ya kunywa, acha, umwone daktari.