Muflisi na Mfilisi: Maana na Matumizi ya Kitenzi Filisi Mkoani Singida

1. Utangulizi

Makala haya yanachunguza maana na matumizi ya kitenzi filisi pamoja na maneno yanayotokana nacho, kwa kuzingatia mazingira ya mkoa wa Singida. Haja ya uchunguzi huu imeongezeka tangu mwaka 2021, Bunge lilipopitisha sheria inayokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria nchini Tanzania. Neno lililozoeleka katika mazungumzo ya sokoni sasa linabeba uzito wa amri ya mahakama.

2. Asili na mnyambuliko

Asili ya neno hili ni Kiarabu. Mzizi wake f-l-s unahusiana na fals, sarafu ndogo ya shaba, ambayo wingi wake ni fulus. Muflis ni mtu ambaye, baada ya kuwa na mali, amebakiwa na visarafu tu. Kiswahili kimelipokea neno hilo zima, muflisi, na kina pia kitenzi kinachonyambulika kwa kufuata kanuni za Kibantu:

(a) filisi: kutwaa mali ya mtu, hasa kwa ajili ya deni;
(b) filisiwa: kutwaliwa mali na mtu au chombo fulani;
(c) filisika: kuishiwa mali, pasipo kudokeza mtendaji.

Tofauti baina ya (b) na (c) ndiyo kiini cha mjadala huu.

3. Matumizi

Singida ni mkoa wa alizeti, vitunguu na mifugo, na mvua zake ni chache. Mkulima wa Iramba ambaye alizeti yake imekauka aweza kusema, "Mwaka huu nimefilisika." Sentensi hiyo ni sahihi kisarufi na kimaana, kwani hasara imetokea bila mtwaaji. Hata hivyo, kisheria mkulima huyo si muflisi. Kwa mujibu wa Sheria ya Kufilisika, Sura ya 25, mtu huwa muflisi pale tu mahakama inapotoa amri ya kumtangaza hivyo.

Vivyo hivyo, mtu ambaye nyumba yake ya rehani imenadiwa hajawa muflisi kwa sababu hiyo pekee. Aidha, vyama vikuu vya ushirika vilipoondolewa na Serikali mwaka 1976, vilivunjwa; mabenki ya mwaka 1967 yalitaifishwa. Katika hali zote hizo mali ilitoka mikononi mwa mwenyewe, lakini kila tendo lina kitenzi chake.

4. Utata wa muflisi na mfilisi

Muflisi ni aliyefilisiwa; mfilisi ni anayefilisi, yaani msimamizi wa mali inayogawiwa wadai. Maneno haya yanakaribiana kwa sauti ilhali yanapingana kwa maana. Katika Kinyaturu na Kinyiramba kiambishi cha ngeli ya watu ni mu-, chenye irabu. Kwa hiyo ni rahisi kwa mzungumzaji wa lugha hizo kuichukulia mu- ya Kiarabu kuwa kiambishi hicho, na kuyafanya maneno mawili kuwa moja. Utata huzidi katika nomino ufilisi, ambayo hutumika kwa hali ya muflisi na pia kwa kazi ya mfilisi, kama ilivyo katika jina la Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, ulioanza kazi mwaka 2006.

5. Hitimisho

Inapendekezwa kwamba katika maandishi ya kisheria filisika ibaki kutaja hali, filisiwa itumike panapokuwa na chombo kinachotenda, na muflisi asitajwe kabla ya amri ya mahakama. Palipo na hatari ya kuchanganya, mfilisi afafanuliwe kuwa "msimamizi wa mali ya muflisi". Anayesema amefilisika bado anadaiwa, na bado ana haki zake zote. Aliyetangazwa muflisi, kwa upande wake, hana tena mamlaka juu ya mali yake. Asiyeweza kutofautisha maneno haya aweza kuogopa asichopaswa kuogopa, au kutia saini asichokielewa.