Makaratasi, Kazi na Mafao: Kijitabu kwa Wasemao Kiswahili Wanaofikia Gare du Midi

Kijitabu hiki ni chenu mliotoka Bukavu, Uvira, Bujumbura, Mombasa au Dar es Salaam, mkashukia kituo cha treni cha Gare du Midi, Brussels, na sasa kila mkifungua redio mnasikia kwamba wageni wanaitafuna hazina ya Ubelgiji. Wengine wenu mmeanza kuamini. Wengine mnakasirika tu, bila hoja ya kujibu.

Tokeni nje ya kituo, mwinue macho. Jengo lile la ghorofa 38, lenye urefu wa mita 148, ni Tour du Midi. Ndilo refu kuliko yote nchini, na lilijengwa miaka ya 1960 kwa ajili ya ofisi za pensheni. Pensheni ya Ubelgiji haitoki kwenye akiba ambayo mzee alijiwekea. Makato ya anayefanya kazi mwezi huu ndiyo yanayomlipa aliyestaafu mwezi huu. Wazee wanaongezeka, umri wa kustaafu umepanda hadi miaka 66 mwaka 2025, na utafika 67 mwaka 2030. Kwa hiyo ukitaka kujua kama mgeni ni hasara au faida kwa hazina, uliza kwanza kama ameruhusiwa kufanya kazi iliyoandikishwa, na ilichukua muda gani kumruhusu. Hilo haliamuliwi na mgeni. Linaamuliwa na sera.

Walioitwa na wasioitwa

Tarehe 23 Juni 1946 Ubelgiji ilitiliana saini na Italia: Italia ilete wafanyakazi 50,000 wa kuchimba makaa ya mawe, na yenyewe iuziwe makaa. Wabelgiji wenyewe walikuwa wameanza kuyakimbia machimbo. Tarehe 8 Agosti 1956 moto uliwaka katika mgodi wa Bois du Cazier, Marcinelle, ukaua watu 262, na 136 kati yao walikuwa Waitaliano. Italia ikasitisha kupeleka watu. Je, Ubelgiji iliboresha migodi ili raia wake warudi? Ilitafuta kwingine: Hispania, Ugiriki, kisha mwaka 1964 Moroko na Uturuki.

Wamoroko wengi walipanga vyumba mitaa hii hii ya kuzunguka kituo, Cureghem na Saint-Gilles, na mpaka leo soko la Jumapili la hapa Midi linanukia mnanaa na zeituni. Wakati ule serikali ilitoa kijitabu, kama hiki unachosoma, kiitwacho *Vivre et travailler en Belgique*. Kiliwaambia waziwazi: njooni na wake zenu na watoto, mtapata posho ya watoto. Haikuwa huruma. Wallonia, sehemu ya kusini ya nchi, ilikuwa inazeeka na shule zilihitaji watoto.

Uchumi ulipoyumba baada ya bei ya mafuta kupanda, mlango wa kuajiri kutoka nje ulifungwa, tarehe 1 Agosti 1974. Waliokwisha kuingia walibaki, na wajukuu wao leo ndio baadhi ya madereva wa basi, wauguzi na madiwani wa Brussels.

Wakongo hawakuitwa. Nchi iliyotawaliwa na Ubelgiji hadi 30 Juni 1960 haikupewa mkataba wa wafanyakazi kama wa Moroko. Watu wetu walikuja kusoma, kutembelea jamaa, na baadaye kukimbia vita. Aliyekuja kwa mkataba wa kazi alianza kukatwa makato mwezi wa kwanza. Aliyekuja kuomba hifadhi huanza kwa kusubiri.

Kusubiri kuna gharama

Hapa tufafanue jambo linalopotoshwa sana. Mwomba hifadhi hapewi mshahara na serikali. Kwa sheria ya mwaka 2007 hupewa msaada wa vitu: kitanda, chakula, matibabu, mwanasheria, na fedha kidogo za mfukoni. Anaruhusiwa kufanya kazi iwapo miezi minne imepita bila ombi lake kuamuliwa.

Tangu mwishoni mwa 2021 hata hicho kitanda kimekuwa adimu. Wanaume wasio na familia wameachwa walale nje, kwenye mahema na majengo matupu. Mahakama za kazi zimeihukumu Fedasil, idara ya mapokezi, maelfu ya mara, na Julai 2023 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ikaitia Ubelgiji hatiani katika kesi ya Camara, mwomba hifadhi aliyeachwa bila kitanda. Kwa maoni yetu, hapo hakuna kilichookolewa. Anayelala nje huishia hospitali, na kijana asiye na anwani hapati mwajiri.

Kuna pia kusubiri kwa aina nyingine. Muuguzi aliyesomea Goma akifika hapa lazima shahada yake itambuliwe, ama na Jumuiya ya Wasemao Kifaransa, ama na NARIC, ofisi ya kutambua shahada upande wa Waflemi. Wakati faili liko mezani, anapangusa sakafu za watu kwa malipo ya titres-services, yaani hati za kulipia usafi wa nyumbani, ilhali hospitali zinalia kwamba wauguzi hawatoshi. Ajira miongoni mwa waliozaliwa nje ya Umoja wa Ulaya iko chini sana Ubelgiji ikilinganishwa na nchi nyingi za Umoja huo, na sababu mojawapo ni hii. Hata hivyo, utafiti wa Benki Kuu ya Ubelgiji wa mwaka 2020 ulikadiria kuwa wahamiaji walioingia katika miaka mitano iliyotangulia waliongeza pato la taifa kwa asilimia 3.5.

Isome hati yako ya mshahara

Chukua fiche de paie. Mstari wa juu ni mshahara ghafi. Chini yake kuna ONSS, yaani makato ya hifadhi ya jamii: asilimia 13.07 inakatwa. Kwa mtu wa ofisini mwenye euro 3,500, hiyo ni euro 457.45, na mwajiri anaongeza takriban asilimia 25 kutoka mfukoni mwake. Wenye mshahara mdogo hupunguziwa makato. Kisha inakuja kodi ya mapato. Fedha hizo ndizo matibabu, pensheni, na malipo ya asiye na kazi.

Asiye na makaratasi hana mstari huo, lakini dukani analipa kodi: asilimia 21 kwa bidhaa nyingi, 6 kwa vyakula. Anachopata ni matibabu ya dharura kupitia CPAS, ofisi ya ustawi wa jamii ya manispaa, na watoto wake wana haki ya shule. Akidhulumiwa ujira, ana haki ya kuudai. Shirika la FAIRWORK Belgium husaidia.

Kanuni zilizobadilika

Mwaka 2025 serikali ya Bart De Wever ilikaza. Anayetaka kuleta familia sharti awe na kipato cha asilimia 110 ya kima cha chini cha mshahara, na asilimia 10 zaidi kwa kila mtu anayeongezeka. Ada ya kuomba uraia ilipanda kutoka euro 150 hadi 1,000. Linganisha na kile kijitabu cha 1964 kilichowaambia watu waje na wake na watoto.

Mkimbizi aliyetambuliwa ana haki ya msaada wa CPAS kama Mbelgiji. Aliyeletwa na mume au mke asikimbilie huko kabla ya kumwuliza mwanasheria, maana msaada unaweza kuangaliwa siku ya kurefusha kadi.

Na kila mtu mwenye kazi atunze hati zake zote za mshahara, kisha afungue tovuti ya pensheni, mypension.be, aangalie kama miezi yake imeandikwa. Ukiona mwezi umekosekana, mfuate mwajiri sasa, wakati kampuni ingalipo.