Somo la Kikundi: Foleni ya Chipu

Chipu ni kipande kidogo, mara nyingi kidogo kuliko ukucha. Lakini bila hicho simu haiongei, na gari la siku hizi haliwaki.

Mwaka wa 2020, korona ilipoingia, kampuni nyingi za magari ziliogopa hasara zikafuta oda zao za chipu. Viwanda vya chipu havikukaa bure. Vilichukua oda za simu na kompyuta. Wanunuzi wa magari waliporudi, kampuni zile zikakuta nafasi imeshachukuliwa. Basi, nyuma ya foleni!

Kutengeneza chipu huchukua miezi 3 hivi, na kujenga kiwanda ni miaka. Tena Machi 2021 moto uliunguza sehemu ya kiwanda cha Renesas huko Naka, Japani. Kufikia 2022, kungoja oda kulikuwa kumepita wiki 20. Kwa hofu wengine waliagiza maradufu, na foleni ikazidi kurefuka.

Sisi je? Pampu nyingi za sola zina kidhibiti chenye chipu. Kabla ya kununua, tumwulize muuzaji: hiki kikiungua, spea itafika baada ya wiki ngapi? Jibu tuliandike kwa kitabu. Tusingoje kiangazi ndio tuagize, maana sukuma haingoji meli.

Tujadiliane:
1. Ni kifaa gani chetu ambacho spea yake hutoka mbali?
2. Nani atafuatilia oda, na pesa ya spea tumeweka wapi?