Ufahamu wa Habari ya Kisayansi: Mafuta ya Chakula na Saratani ya Kongosho

Mtahiniwa, kifungu cha ufahamu si lazima kitoke kwenye hadithi. Unaweza kupewa habari ya afya, kilimo au uchumi yenye tarakimu ndani yake, kisha ukatakiwa kujibu maswali na kufupisha. Wengi hupoteza alama hapo kwa kuandika zaidi ya kile kifungu kilichosema. Soma maelezo haya taratibu, kalamu mkononi, halafu ujibu maswali bila kutazama majibu.

MALENGO
Baada ya kusoma sehemu hii uweze:
(a) kueleza kazi ya kongosho katika umeng'enyaji wa mafuta;
(b) kutofautisha maneno chanzo, uhusiano na hatari;
(c) kusoma takwimu za utafiti bila kuongeza wala kupunguza maana;
(d) kufupisha habari ya kisayansi kwa maneno yako.

1. KONGOSHO NA KAZI YAKE
Kongosho ni ogani yenye urefu wa sentimita 15 hivi, iliyolala nyuma ya tumbo la chakula. Ina kazi mbili. Kwanza, hutoa homoni, ikiwemo insulini inayoshusha sukari katika damu. Pili, hutoa vimeng'enya vinavyoingia kwenye sehemu ya mwanzo ya utumbo mwembamba.

Ukila chipsi, mafuta yake hufika utumboni yakiwa matone makubwa. Nyongo kutoka kwenye ini huyagawa kuwa matone madogo. Hapo kimeng'enya cha kongosho kiitwacho lipasi huyavunja kuwa asidi za mafuta na gliseroli, ambazo mwili unaweza kuzifyonza. Kwa hiyo kila mlo wa mafuta huipa kongosho kazi. Hii ni sababu mojawapo iliyowafanya wanasayansi waulize: je, mafuta mengi yana uhusiano na saratani ya ogani hii?

2. AINA ZA MAFUTA
Mafuta yaliyoshiba huganda katika joto la kawaida. Yamo kwa wingi katika nyama yenye mafuta, siagi, samli na mafuta ya nguruwe. Mawese na mafuta ya nazi pia yana kiasi kikubwa. Mafuta yasiyoshiba hubaki kimiminika, kama ya alizeti. Parachichi zinazolimwa kwa wingi mkoani Njombe zina zaidi mafuta ya aina hii ya pili.

Mwili unahitaji mafuta. Hutupa nguvu, hujenga kuta za seli na kusaidia ufyonzwaji wa vitamini A, D, E na K. Gramu moja ya mafuta hutoa kilokalori 9, wakati gramu moja ya wanga au protini hutoa 4. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asipate zaidi ya asilimia 30 ya nishati yake kutoka kwenye mafuta, na mafuta yaliyoshiba yasizidi asilimia 10.

Mfano: Mtu anayehitaji kilokalori 2,000 kwa siku anaruhusiwa mafuta kiasi gani?
Asilimia 30 ya 2,000 = kilokalori 600.
600 ÷ 9 = gramu 67 hivi.
Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ya kupikia kina gramu 14 hivi. Kwa hiyo vijiko vitano tu vinamaliza kiwango cha siku nzima, hata kabla ya kuhesabu nyama na maziwa.

3. UTAFITI ULIONA NINI?
Mwaka 2009 yalichapishwa matokeo ya utafiti mkubwa wa Marekani. Watu zaidi ya 525,000 wenye umri wa miaka 50 hadi 71 walijaza dodoso kuhusu vyakula wanavyokula, kisha wakafuatiliwa kwa wastani wa miaka sita na zaidi kidogo. Katika muda huo wanaume 865 na wanawake 472 waligundulika kuwa na saratani ya kongosho.

Watafiti waliwagawa washiriki katika makundi matano kulingana na kiasi cha mafuta wanachokula. Katika kundi la chini kabisa waliugua watu 33.2 kwa kila 100,000 kwa mwaka. Katika kundi la juu kabisa waliugua 46.8. Baada ya kuzingatia mambo mengine kama uvutaji wa sigara, uzito wa mwili na kisukari, hatari katika kundi la juu ilibaki kubwa kwa asilimia 23 kuliko ya kundi la chini. Uhusiano ulionekana zaidi kwa mafuta yaliyoshiba yatokanayo na wanyama, yaani nyama nyekundu na maziwa. Kwa mafuta ya mimea haukuonekana uhusiano wa kuaminika.

Tafiti nyingine hazikukubaliana. Ule wa Finland uliochapishwa mwaka 2002, uliohusu wanaume wavutaji wa sigara, uliona uhusiano na mafuta yaliyoshiba. Ule wa wauguzi wa kike wa Marekani uliochapishwa mwaka 2003, uliowafuatilia zaidi ya 88,000 kwa miaka 18, haukuona uhusiano wowote.

4. NAMNA YA KUSOMA TAKWIMU HIZI
Hapa ndipo penye alama. Zingatia mambo matatu.

Kwanza, "asilimia 23 zaidi" haina maana kwamba watu 23 kati ya 100 wanaokula mafuta mengi wataugua. Rudi kwenye tarakimu za mwanzo: 46.8 kutoa 33.2 ni 13.6. Yaani tofauti kati ya makundi hayo ni watu wasiozidi 14 katika kila 100,000 kwa mwaka. Asilimia hueleza ulinganisho; idadi hueleza ukubwa wa jambo lenyewe. Jibu zuri hutaja vyote viwili.

Pili, uhusiano si chanzo. Walaji wa mafuta mengi huenda pia huvuta sigara zaidi au wana uzito mkubwa zaidi. Ukigawa 46.8 kwa 33.2 unapata 1.41, yaani tofauti ya asilimia 41. Watafiti walipozingatia hayo mengine ikashuka hadi 23. Sehemu ya tofauti ilikuwa ya mambo mengine, wala haikuwa ya mafuta. Na hayo yaliyobaki yanaweza kuwa na sababu ambayo dodoso halikuiuliza.

Tatu, angalia waliochunguzwa ni akina nani. Hao walikuwa Wamarekani wa makamo na wazee. Huwezi kuyahamisha matokeo yao moja kwa moja hadi Lugarawa, kwa kijana anayekula ugali, maharage na viazi mviringo, na nyama siku chache tu.

5. KWA NINI JAMBO HILI LINA UZITO
Saratani ya kongosho si ya kawaida sana, lakini ni kali. Makadirio ya mwaka 2020 duniani kote yalikuwa wagonjwa wapya zaidi ya 490,000 na vifo zaidi ya 460,000. Tofauti ndogo kati ya tarakimu hizo mbili inakuonyesha wengi hawaponi, hasa kwa kuwa hugundulika ikiwa imechelewa.

Mambo ambayo ushahidi wake una nguvu zaidi kuliko wa mafuta ni haya: uvutaji wa sigara, ambao huongeza hatari karibu maradufu, unene uliozidi, kisukari cha muda mrefu, na uvimbe sugu wa kongosho, ambao mara nyingi huletwa na unywaji wa pombe nyingi kwa miaka, iwe ya kiwandani au ulanzi. Umri na urithi wa familia pia vimo.

Dalili zake ni macho kuwa ya manjano, mkojo mweusi kama chai ya rangi, choo kilichopauka, kukonda bila sababu, na maumivu ya juu ya tumbo yanayopenya hadi mgongoni. Manjano hutokea uvimbe unapoziba mrija wa nyongo unaopita kwenye kichwa cha kongosho. Mtu wa nyumbani kwako akionyesha dalili hizi, mwambie aende hospitali mapema badala ya kuzunguka na dawa za majirani. Magonjwa mengine pia huleta manjano, na kipimo ndicho kitakachosema.

Na ukisikia mtu akimwambia mgonjwa, "Umejitakia kwa kula kitimoto," ujue hiyo ni hukumu isiyo na ushahidi. Wapo walioumwa ambao hawakuwahi kula mafuta mengi. Kupunguza mafuta yaliyoshiba ni jambo jema, na faida yake kwa moyo na mishipa ya damu inajulikana vizuri zaidi. Lakini ushauri ni kwa mzima. Mgonjwa anahitaji tiba na uangalizi.

6. MAKOSA YA KUEPUKA
- Kuandika "mafuta husababisha saratani ya kongosho". Andika: "ulaji wa mafuta mengi ya wanyama umehusishwa na ongezeko la hatari".
- Kutaja asilimia bila kusema ni asilimia ya nini.
- Kuacha utafiti uliopinga. Ufupisho wa haki hutaja pande zote mbili.
- Kunakili sentensi nzima za kifungu badala ya kutumia maneno yako.

MASWALI
1. Eleza jinsi nyongo na lipasi zinavyoshirikiana kumeng'enya mafuta.
2. Kwa nini tofauti ya asilimia 41 ilishuka hadi 23?
3. Mtu anahitaji kilokalori 1,800 kwa siku. Asizidishe gramu ngapi za mafuta yaliyoshiba?
4. Toa maana ya neno "hatari" kama lilivyotumika katika sehemu ya 3.
5. Fupisha sehemu ya 3 kwa maneno yasiyozidi 50.

MAJIBU ELEKEZI
1. Nyongo hugawa mafuta kuwa matone madogo. Lipasi huyavunja matone hayo kuwa asidi za mafuta na gliseroli.
2. Kwa sababu watafiti walizingatia mambo mengine, kama sigara, uzito na kisukari, yaliyochangia tofauti hiyo.
3. Asilimia 10 ya 1,800 ni kilokalori 180; 180 ÷ 9 = gramu 20.
4. Uwezekano wa mtu kupata ugonjwa. Haimaanishi kwamba lazima aupate.
5. Utafiti mkubwa wa Marekani wa mwaka 2009 ulihusisha ulaji wa mafuta mengi, hasa yaliyoshiba ya wanyama, na ongezeko la hatari ya saratani ya kongosho. Mafuta ya mimea hayakuhusishwa. Utafiti wa Finland uliunga mkono kwa mafuta yaliyoshiba, ila ule wa wauguzi haukuona uhusiano. (Maneno 42)